KIRAKA SI AIBU: NAMNA YA KUKATA NA KUSHONA MFARISHI MDOGO

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kimeniomba niandike somo la kazi ya mikono. Baadhi yenu mlipoona jina langu ubaoni mlicheka mkaulizana, "Yaani huyu ndiye atakayetufundisha kushona?" Nami nawauliza: hiyo suruali ya shule uliyovaa ilishonwa na nani, kama si yule mzee anayekaa kwenye baraza la duka pale sokoni na cherehani yake? Kazi haiulizi mtu ni mvulana au ni msichana. Basi keti vizuri, tuanze.

Mfarishi ni kitu gani?

Neno hili ni geni masikioni mwa wengi wetu. Hapa Kibwezi, na hata kule Mutomo kwa susu wangu, watu wakiuona mfarishi husema tu "blanketi la viraka". Kamusi zetu zina neno mfarishi, nami nitalitumia kwa maana ya tandiko lenye matabaka matatu: juu vipande vya vitambaa vilivyoungwa, katikati kitu laini cha kuleta joto, na chini kitambaa kizima. Matabaka hayo hufungwa pamoja kwa uzi ili yasitembee.

Usidhani kuwa kuunga vipande ni jambo la Wazungu peke yao. Tazama leso ambayo mama yako hujifunga kiunoni. Yasimuliwa kwamba katika karne ya 19, wanawake wa pwani yetu, Zanzibar na Mombasa, walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyouzwa vikiwa bado vimeshikana katika jora. Walichukua sita, wakavipanga vitatu juu na vitatu chini, wakaviunga pamoja hadi vikawa vazi moja. Neno lenyewe "leso" asili yake ni Kireno, na maana yake ni kitambaa cha mkononi. Kwa hivyo leso, kabla ya wenye viwanda kuichapa ikiwa nzima, ilikuwa kazi ya viraka!

Aidha, ile bafta nzito isiyopaushwa ambayo mafundi huiita "merikani" ilipata jina hilo kwa sababu katika karne hiyo hiyo ililetwa Zanzibar na mabaharia kutoka Marekani, hasa jimbo la Massachusetts. Na huko Marekani kwenyewe, katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, wanawake weusi waliokuwa wakulima maskini walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za shambani ili watoto wao wasife baridi. Mwaka wa 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston, na mwaka wa 2006 ikachapishwa kwenye stempu za posta za nchi hiyo. Kitu kilichoshonwa kwa sababu ya umaskini kikaishia kwenye barua za taifa zima. Kiraka si aibu.

Kosa langu

Kabla sijakufundisha jinsi ya kukata, sharti nikueleze jinsi nilivyokata vibaya.

Mama yangu ni fundi cherehani sokoni. Karo yangu, unga wa nyumbani na nauli ya kwenda kwa susu, vyote hutoka chini ya sindano ile. Mwaka jana, muhula wa pili, kidole gumba chake cha mkono wa kulia na viwili vinavyokifuata vilianza kufa ganzi. Usiku alikuwa akiamka na kuukung'uta mkono kama mtu aliyeumwa na nyuki. Daktari alimweleza kuwa mshipa wa fahamu unaopita katika kifundo cha mkono umebanwa, na kwamba mkasi lazima uwekwe chini kwa miezi mitatu. Kushona aliweza, maana cherehani yetu ni ya kukanyaga na miguu ndiyo hufanya kazi kubwa. Lakini kukata? Ng'o! Fundi asiyekata ni kama mkulima asiye na jembe. Ikabidi mimi niwe mkono wake wa kulia kila Jumamosi na kila jioni baada ya masomo.

Siku moja alikuja mama mmoja mja mzito akiwa amekumbatia leso mbili kuukuu. Zilikuwa za mama yake mzazi, ambaye alikuwa amefariki. Nyote mnajua kuwa sisi Wakamba humpa mtoto jina la nyanya au la babu. Mama huyu alitaka leso za marehemu zishonwe mfarishi wa kumfunika mtoto atakayezaliwa, na kama angekuwa msichana, angepewa jina la mwenye leso hizo. "Fundi," alimwambia mama, "hayo maneno ya leso yaachwe yote. Yakae katikati." Maneno yenyewe yalikuwa NANI KAMA MAMA.

Mama alichora mistari kwa chaki kwa mkono wa kushoto, akanipa mkasi. Siku hiyo kulikuwa na mechi uwanjani na wenzangu walikuwa wakinipigia mbinja nje. Nikaona, kwa nini nikate kipande kimoja kimoja? Nikaikunja leso mara nne, nikakata matabaka yote pamoja bila kuweka hata pini moja. Tabaka la juu lilikatika sawasawa kwenye mstari. Yale ya chini yalikuwa yameteleza. Nilipokunjua, kipande kimoja kilisema NANI KA na kingine kikasema MA MAMA.

Ndugu msomaji, kitambaa cha dukani ukikiharibu unaweza kununua kingine. Leso ya marehemu utainunua wapi? Maji yakimwagika hayazoleki. Mechi yenyewe sikwenda tena.

Mama hakunipiga wala hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alivikusanya vile vipande akavifunga kwenye sandarusi, akasema, "Kesho utapanda gari uende kwa susu. Na mwenyewe akija, utamweleza wewe, si mimi."

Susu alikuwa akishona kwa mkono kabla mama hajazaliwa. Nilivuka Mto Athi nikiwa nimeikumbatia ile sandarusi kama mtu aliyebeba mayai. Susu alivitandaza vipande mapajani, akavaa miwani, akaniuliza swali moja tu: "Ulikuwa unaharakia wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kisha akanifundisha jambo ambalo sikulijua. Ukiunga vipande viwili kwa mshono wa kawaida, kila kimoja humezwa robo inchi, kwa hivyo nusu inchi ya maneno ingepotea na herufi zingeliwa. Badala yake alikata kipande cha merikani, akakiweka chini, akazilaza zile kingo mbili juu yake zikigusana bila kupandana, akazishonea kwa mkono kwa uzi wa rangi ile ile, mishono midogo kama meno ya panya. Maneno yakasomeka tena. Ukitazama kwa karibu unaona kovu, lakini yanasomeka.

Mwenyewe alipokuja nilimweleza yote, pamoja na habari ya mechi. Aliupitisha mkono juu ya lile kovu, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kijana, mama yangu alikuwa akizishona leso zake zikichanika. Hii siyo mara ya kwanza." Akalipa pesa zote, akaenda zake. Nilimwona akifuta macho akitoka, na hadi leo sijui kama alimlilia mama yake au aliulilia mkasi wangu.

Hesabu ya kosa dogo

Baada ya hapo nilikaa nikafikiri. Mtu huona thumuni ya inchi kuwa si kitu. Hebu tuhesabu. Mfarishi ninaokufundisha leo una vipande 8 kwa upana na vipande 9 kwa urefu, yaani 72. Kila kipande hukatwa inchi 4½ kila upande. Mshono humeza robo inchi kila upande, basi baada ya kushonwa kipande huonekana inchi 4 kamili. Upana ni 8 × 4 = inchi 32, na urefu ni 9 × 4 = inchi 36. Huo unamtosha mtoto mchanga.

Sasa, ikiwa kila kipande cha safu moja kimezidi kwa thumuni ya inchi, safu hiyo itazidi kwa thumuni nane, yaani inchi nzima. Safu ya pili ikiwa imepungua vivyo hivyo, tofauti ya safu hizo mbili ni inchi mbili! Utavuta huku, utabana kule, na mfarishi utajikunja kama chapati iliyoungua. Haba na haba hujaza kibaba, na makosa nayo ni vivyo hivyo.

Kikatio

Katika nchi za ng'ambo washonaji wa nyumbani wana mashine ndogo ya kukatia vitambaa. Kuna ubao wenye wembe uliopindwa kwa umbo linalotakiwa, mraba au pembetatu au ua, na pembeni mwa wembe kuna sifongo. Kitambaa hutandazwa juu yake, kikafunikwa kwa bamba la plastiki, kisha vyote hupitishwa kati ya roli mbili kwa kuzungusha mkono. Roli hukandamiza, wembe hukata, na sifongo husukuma kipande kitoke. Vipande vyote hutoka sawa kama mapacha.

Sisi hatuna mashine hiyo. Lakini nilikumbuka kuwa nilikwisha kuona kitu cha namna hiyo kwa fundi wa viatu. Anapotaka kipande cha ngozi cha mviringo hapimi wala hachori. Huchukua chuma chenye makali ya duara, akakiweka juu ya ngozi, akakigonga nyundo. Basi! Nikaenda kwa fundi wa jua kali na mchoro wa Jiometri uliochorwa kwa rula, nikamwomba anitengenezee mraba.

Alichukua pau bapa ya chuma yenye upana wa inchi moja, akakata vipande vinne, akaviunga kwa kuchomelea hadi vikawa fremu ya mraba. Juu akachomelea mshikio. Chini akanoa kwa mashine ya kusaga chuma. Zingatia hapa: makali hunolewa kwa upande wa nje tu, ili ukuta wa ndani ubaki wima na kipimo kisibadilike. Ndani iwe inchi 4½ kamili. Mimi nilipima kwa rula pande zote nne, na pia nikapima pembe kwa pembe mara mbili. Vipimo hivyo viwili vya mshazari vikilingana, huo ni mraba. Visipolingana, umepewa almasi. Cha kwanza nilikirudisha.

Kwa nini chuma hiki hukata? Wale wa Fizikia mnajua: shinikizo ni kani kugawanywa kwa eneo. Mzunguko wa mraba wetu ni inchi 18, karibu sentimita 45.7. Tuchukulie kuwa makali yana unene wa sentimita 0.02. Eneo linalogusa kitambaa ni 45.7 × 0.02, yaani sentimita mraba 0.914 tu. Ubao mtupu wa kipimo hicho ungegusa sentimita mraba 130 hivi. Kwa nguvu ile ile, makali hukandamiza karibu mara 140 zaidi. Ndiyo sababu kisu butu humchosha mpishi.

Vifaa

1. Mabaki ya vitambaa vya pamba. Mafundi wengi huyatupa au huyatumia kuwashia moto, kwa hivyo omba kwa adabu. Ukiwa karibu na mahali panaposhonwa nguo nyingi, mabaki ni tele. Fikiria Kituo cha Nguo cha Kaunti ya Kitui, KICOTEC, kilichofunguliwa Syongila mwaka wa 2018, ambacho mwaka wa 2020 wakati wa korona kilishona barakoa. Kila barakoa ina vipande vinavyobaki pembeni.
2. Blanketi kuukuu lililofuliwa, la kuweka katikati.
3. Kitambaa kizima cha chini, inchi 36 kwa 40. Flana ni bora kwa baridi ya Juni na Julai.
4. Uzi, sindano, pini, mkasi, chaki, futi ya fundi, subana ya kukinga kidole, na pasi.
5. Kikatio, nyundo ya mbao, na gogo lililokatwa likalainishwa juu, ile sura inayoonyesha miviringo ya mti. Usigonge juu ya simiti wala chuma. Makali yatakufa siku hiyo hiyo.
6. Vipande vya sifongo kutoka godoro kuukuu, vya kubandika ndani ya kikatio ili visukume kitambaa nje.

Hatua za kufuata

Kwanza, fua. Vitambaa vingine hurudi vikifuliwa na vingine huchuja rangi. Najua maji kwetu ni ya shida, mengine tunayachota kwenye visima vya mchanga mtoni. Kwa hivyo loweka mabaki yote pamoja katika beseni moja, vyeupe kwanza, vya rangi baadaye, na vyekundu mwisho. Sugua kitambaa chekundu kilicholowa kwa kipande cheupe. Kikiacha rangi, kitenge. Maji yaliyobaki mwagia mti.

Pili, piga pasi. Kitambaa chenye mikunjo hukatwa kipimo cha uongo.

Tatu, tafuta uzi wa kitambaa. Kila kitambaa kina nyuzi za urefu na za upana. Kivute kwa urefu, hakinyooki sana. Kivute kwa mshazari, kinanyooka kama mpira. Upande mmoja wa kikatio lazima ulale sambamba na nyuzi. Hapa ndipo nilipojikwaa mara ya pili. Nilipopata kikatio nilijiona bingwa, nikakiweka kwa pembe yoyote ili nisipoteze kitambaa. Vipande vyote 72 vilikuwa sawa kabisa kwa kipimo, lakini viliposhonwa vilivutika vikapinda. Chuma hukata sawa, ila hakifikiri. Kufikiri ni kazi yako.

Nne, kata. Panga matabaka manne, yasizidi sita, uyabane kwa pini nje ya mahali pa kukatwa. Pini ikigusa makali itayavunja. Weka kikatio, shika mshikio vizuri, piga mara moja kwa nguvu katikati, kisha mara moja kila pembe, kwani pembe ndipo nyuzi hukataa kukatika. Zilizobaki zimalizie kwa mkasi. Kwa matabaka sita, seti 12 zinakupa vipande 72. Kwa mkasi kazi hii ilinila alasiri nzima. Kwa kikatio haifiki saa moja.

Tano, panga. Weka vipande 36 vya rangi nyepesi na 36 vya rangi nzito, uvitandaze mkekani kama ubao wa drafti. Simama mbali, tazama. Mwite mtu mwingine naye atazame.

Sita, unga. Shona vipande vya safu moja kwa mshono wa robo inchi, kisha unga safu na safu. Safu ya kwanza laza mishono kwa pasi kuelekea kulia, ya pili kushoto, na kuendelea hivyo. Zikikutana, mishono itapishana wala haitakuwa vinundu. Kagua kila safu: ni inchi 32½ kabla ya kuunganishwa pembeni? Isipokuwa hivyo, fumua sasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Saba, weka matabaka matatu, upige bandi kwa uzi mrefu kutoka katikati kwenda nje. Halafu funga fundo la uzi mzito katika kila kona ambapo vipande vinne vinakutana. Fundo liwe mara mbili, ncha zikatwe fupi. Ondoa bandi.

Nane, zungushia pindo. Mzunguko ni 2 × (32 + 36) = inchi 136. Ongeza inchi 10 za pembe na viungo, jumla 146. Ukiwa na kitambaa cha upana wa inchi 45, kata tepe nne za upana wa inchi 2½ uziunge. Utakuwa na inchi 180 kasoro kidogo za viungo. Zinatosha na kubaki.

Zawadi nyingine ndogo

Mwenye muda mfupi anaweza kuanza na haya. Vipande viwili na pamba kidogo katikati ni kifuko cha kuchomekea pini na sindano. Mpe fundi wako. Vipande vinne vilivyoungwa kwa mraba, na blanketi maradufu katikati, ni kishikio cha sufuria. Usitumie nailoni hapo, itayeyukia mkononi mwa mama. Vipande sita hutoa kifuko cha kalamu: sita hukunjwa, vikashonwa pande mbili, na kifungo juu. Mwaka huu nilimpa rafiki yangu kifuko cha namna hiyo siku yake ya kuzaliwa. Gharama ilikuwa kifungo kimoja.

Tahadhari

Vidole viwe juu kwenye mshikio, si pembeni mwa makali. Wadogo zako wasichezee kikatio. Kikilala, kifunike kwa kitambaa kinene kilichopakwa mafuta kisishike kutu. Kikiwa butu kinoe kwa tupa upande wa nje tu. Mfarishi wa mtoto mchanga usiwekewe vifungo wala shanga, na kamwe usimfunike mtoto uso. Hesabu pini zako kabla na baada. Pini moja iliyosahaulika ndani ya mfarishi inatosha kukuharibia jina maisha yako yote.

Tamati

Mkono wa mama umepata nafuu. Mkasi ameurudia kwa kazi ndogo ndogo, lakini vipande vya mifarishi bado ni kazi yangu ya Jumamosi. Yule mama alijifungua msichana, na jina alilopewa ni lile la nyanya yake. Nilimwona mtoto huyo sokoni mgongoni mwa mama yake, amefunikwa ule mfarishi, na maneno yako katikati kama yalivyoagizwa. Nilisogea nikatafuta lile kovu. Lipo.

Kikatio changu cha pili, cha inchi 3½, nimekipa Chama cha Kiswahili, kikae kabatini pamoja na kamusi. Sisi tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023 hatuna kidato kitakachotufuata. Nyuma yetu ni wadogo zetu wa Gredi ya 10 walioingia mwaka huu wa 2026. Nao watatukuta na maneno yao mapya na mitihani yao mipya, lakini mtoto mchanga bado atahisi baridi mwezi wa saba. Watumie kikatio hicho. Wakianza, wasiwe na haraka ya kwenda kwenye mechi.

Zoezi

1. Mfarishi una vipande 6 kwa upana na 7 kwa urefu, vilivyokatwa kwa kikatio cha inchi 3½. Ukishonwa utakuwa na kipimo gani?
2. Kwa nini makali ya kikatio hunolewa upande wa nje na si wa ndani?
3. Eleza tofauti ya maneno haya, kila moja kwa sentensi: kiraka, pindo, bandi, mshono.
4. Uliza nyumbani: ni nguo gani kuukuu ambayo haiwezi kununuliwa tena? Andika habari zake kwa ukurasa mmoja, kabla mtu hajaishika kwa mkasi.

Mwanachama,
Kidato cha Tatu.